Skyrim Yenye Modi Inapogoma: Kusoma Dalili Kabla ya Kugusa Faili

Mchezaji ambaye Skyrim yake, mchezo wa kompyuta wa kampuni ya Bethesda, imejifunga ghafla kwa kawaida hufanya moja kati ya mambo mawili: hufuta kila kitu na kuanza upya, au huzima modi (nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji) moja baada ya nyingine kwa kubahatisha hadi mchezo ufunguke. Njia zote mbili hula muda, na ile ya kwanza hula pia kifurushi cha data, kwa kuwa mkusanyiko wa kawaida wa modi hufika makumi ya gigabaiti bila shida. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Skyrim hata inapoharibika hueleza kwa uwazi wa kutosha kilichoharibika: wakati inapojifunga, mahali inapojifungia na kile kinachoonekana kwenye skrini hutosha mara nyingi kupunguza orodha ya watuhumiwa kutoka mamia hadi watatu au wanne.

Maelezo yanahusu Skyrim Special Edition kwenye kompyuta za Windows, iliyotoka tarehe 28 Oktoba 2016, pamoja na Anniversary Edition iliyofuata mwaka 2021. Skyrim ya awali, ya tarehe 11 Novemba 2011, ilikuwa programu ya biti 32, haikuweza kutumia zaidi ya GB 4 za RAM hata kompyuta ingekuwa na nyingi kiasi gani, na sehemu kubwa ya ushauri wa zamani unaoendelea kuzunguka mtandaoni uliandikwa ili kukabiliana na ukomo huo. Special Edition ni ya biti 64. Ukikuta ushauri unaokutaka usakinishe ENBoost au ubadilishe mipangilio ya RAM ndani ya faili za INI, achana nao, kwa sababu uliandikiwa mchezo wa zamani.

Kabla ya kugusa chochote, tafuta namba ya toleo la mchezo wako. Bonyeza faili la SkyrimSE.exe kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, na usome namba kamili: 1.5.97, 1.6.640, 1.6.1170 au nyingineyo. Iandike mahali. Nusu ya matatizo yanayoelezwa hapa chini yanamalizwa na namba hiyo peke yake.

Mchezo haufunguki, au unatoa kisanduku cha onyo

Chanzo hapa karibu kila mara ni kutolingana kwa matoleo. SKSE, programu inayowapa watengenezaji wa modi uwezo ambao injini ya mchezo haikuwapa, huingia ndani ya SkyrimSE.exe wakati inaendeshwa na kuzishika kazi zake katika anwani maalumu za kumbukumbu ya kompyuta. Bethesda wakibadilisha faili hilo, anwani zinahama, na SKSE iliyotengenezwa kwa toleo la jana inashika patupu. Ndiyo maana toleo 1.5.97 linatumia SKSE 2.0.20, ilhali 1.6.1170 linatumia 2.2.6, wala haiwezekani kuzibadilishana. Sasisho la tarehe 11 Novemba 2021 lilikuwa zito kuliko mengine kwa sababu mchezo ulijengwa upya kwa Visual Studio 2019 badala ya ile ya 2015, na karibu kila anwani ikahama kwa mpigo mmoja. Sasisho la tarehe 5 Desemba 2023 likavuruga tena modi zilizokuwa zimeshatulia.

Ikiwa kisanduku cha onyo kinatoka kwa SKSE yenyewe, tiba ni kupakua SKSE ya toleo lako na kuiweka katika folda moja na SkyrimSE.exe. Ikiwa mchezo unafunguka lakini SkyUI, modi ya menyu inayotegemea SKSE, inalalamika, fungua konsoli, yaani dirisha la kuandika amri ndani ya mchezo, andika GetSKSEVersion na ubonyeze ingizo; usipopata namba, basi mchezo haukuanzishwa kwa skse64_loader.exe, jambo linalotokea sana kwa watu waliozoea kubonyeza kitufe cha Steam.

Kisanduku kinachotaja faili la DLL kina maana tofauti. Baadhi ya modi hubeba faili za DLL ambazo nazo hutegemea anwani zilezile, na nyingi kati yake hutafuta anwani hizo kwa kupitia Address Library, ambayo ni orodha ya anwani kwa kila toleo la mchezo. Fungua folda ya Data, kisha SKSE, kisha Plugins, na uangalie: mwenye 1.5.97 anapaswa kukuta faili linaloitwa version-1-5-97-0.bin, na mwenye 1.6.1170 anapaswa kukuta versionlib-1-6-1170-0.bin. Faili likikosekana, umepakua Address Library ya kundi lisilo lako. Likiwepo, na onyo bado linatoka, basi DLL iliyotajwa ndiyo ya zamani au ndiyo mpya mno, na ukurasa wa modi hiyo kwa kawaida una mafaili mawili au matatu ya kuchagua kulingana na toleo.

Ili tatizo hili lisijirudie, iagize Steam isasishe mchezo pale tu unapouanzisha kupitia Steam yenyewe, kisha uzoee kuuanzisha kupitia SKSE. Wengine hulifanya pia faili la appmanifest_489830.acf liwe la kusomwa tu. Wenye mchezo wa duka la GOG wana SKSE yao ya pekee. Wenye mchezo wa Epic au wa Game Pass hawana: SKSE haifanyi kazi huko, na ni haki yao kulijua hilo kabla ya kupoteza wikendi nzima.

Mchezo unajifunga kabla ya menyu kuu

Nembo ya joka inaonekana, au haijaonekana, kisha unajikuta umerudi kwenye skrini ya kompyuta bila neno lolote. Hii ndiyo dalili ya plagini, yaani faili la modi lenye taarifa zinazobadilisha mchezo, inayomtafuta mama yake na kumkosa. Plagini nyingi za Skyrim hujengwa juu ya plagini nyingine, na faili linalotegemewa likikosekana, injini haitoi maelezo, hujifunga tu.

Mfano unaowanasa wengi ni Unofficial Skyrim Special Edition Patch, kiraka kikubwa cha jamii kinachosahihisha maelfu ya makosa yaliyoachwa na Bethesda. Tangu toleo 4.2.6, kiraka hicho kinadai vifurushi vinne vya Creation Club, nyongeza rasmi za Bethesda, vilivyotolewa bure pamoja na sasisho la 2021: Fishing, Survival Mode, Saints & Seducers na Rare Curios. Mchezaji aliyebaki kwenye 1.5.97 akisakinisha kiraka cha leo bila vifurushi hivyo, hataiona menyu kuu. Inambidi atumie toleo la zamani la kiraka.

Huhitaji kukisia ni plagini gani inayokosa mama. Kati ya programu za kusimamia modi, Mod Organizer 2 huweka alama ya onyo pembeni ya plagini husika, Vortex hutoa taarifa, na LOOT, programu ya kupanga utaratibu wa kupakia, hutaja jina la faili linalokosekana. Soma maonyo hayo yote. Nimeona watu wakiomba msaada kwa aya ndefu huku picha waliyoambatisha ikionyesha alama nyekundu wasiyowahi kuibonyeza.

Chanzo cha pili cha kujifunga mapema ni wingi. Injini hutambulisha kila kitu kwa namba ya tarakimu nane za mfumo wa heksadesimali, ambapo mbili za kwanza huonyesha nafasi ya plagini, na kwa sababu hiyo plagini za kawaida haziwezi kuzidi 254. Nafasi ya FE imetengewa plagini nyepesi, zile za ESL, ambazo zinaweza kufika 4,096. Ukikaribia ukomo, tumia SSEEdit, programu ya kufungua na kuhariri plagini, kuzitia alama ya wepesi plagini ndogo zinazostahili, lakini usifanye hivyo kwa plagini ambayo tayari imo katika hifadhi (faili la mchezo uliohifadhiwa) unayoendelea kuicheza, kwa sababu namba za vitu vyake zitabadilika na hifadhi haitavitambua tena.

Mchezo unafunguka lakini modi hazipo

Mod Organizer 2 haiweki chochote ndani ya folda ya mchezo. Huuonyesha mchezo faili hizo wakati unaendeshwa tu, kwa hiyo mchezo ulioanzishwa nje yake hauna modi hata moja. Vortex nayo huunganisha faili kwa viungo vinavyodai folda ya modi na folda ya mchezo ziwe kwenye diski moja, na kila ukibadilisha kitu ni lazima uiamuru ipeleke faili upya. Ikiwa mchezo umesakinishwa ndani ya Program Files, uhamishe kupitia Steam, kwa sababu Windows hulinda folda hiyo na huzuia programu kuandika humo.

Rangi ya zambarau, alama za mshangao, nyuso nyeusi na mikono iliyotandazwa

Makosa ya macho ndiyo mepesi kutambua. Kitu chenye rangi ya zambarau kali kina umbo lakini kimekosa tekscha, yaani picha inayolivalisha umbo hilo. Alama kubwa nyekundu ya mshangao inayoelea hewani ina maana kwamba umbo lenyewe halipo. Katika hali zote mbili plagini imepakiwa ilhali faili zake hazikufika, ama kwa sababu ulipakua kiraka bila modi kuu, ama kwa sababu ulikatiza upakuaji. Fungua konsoli, bonyeza kitu hicho, na utaona namba yake ya tarakimu nane. Mbili za mwanzo, au tano ikiwa zinaanza na FE, zinakuelekeza kwa plagini iliyokiweka pale.

Uso mweusi au wa kijivu juu ya mwili wa rangi ya kawaida unahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hautokani na faili kukosekana. Kila mhusika ana taarifa zake ndani ya plagini, na pia ana faili mbili zilizokwisha kuandaliwa, moja ya umbo la kichwa na nyingine ya rangi ya uso, zikiwa katika folda za FaceGenData. Taarifa na faili zikitoka kwa modi mbili tofauti, injini hushindwa kuzioanisha na uso unakuwa mweusi. Chukua mfano wa Lydia wa Whiterun. Modi ya kwanza imempa uso mpya. Modi ya pili imebadilisha silaha zake tu, lakini kwa kufanya hivyo imebeba nakala nzima ya taarifa zake, pamoja na uso wa zamani. Ukimfungua Lydia ndani ya SSEEdit utaona safu zimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia, safu ya kulia kabisa ikiwa ndiyo inayoshinda, na rangi nyekundu ikionyesha mahali zinapogongana. Ikiwa modi ya silaha iko kulia, una chaguo mbili: kuisogeza modi ya uso iwe ya mwisho na kupoteza silaha, au kutengeneza kiraka kidogo kinachochukua uso wa moja na silaha za nyingine. Mimi hupendekeza kiraka kila mara. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na anayejifunza kuifanya kwa Lydia ameshajua kuifanya kwa mhusika yeyote. Wapo wanaotegemea modi ya Face Discoloration Fix, nayo huondoa weusi, lakini haiondoi mgongano uliousababisha.

Wahusika wanaosimama wakiwa wametandaza mikono bila kutembea wanaonyesha kwamba faili za mijongeo hazikutengenezwa au zimefutwa. Endesha upya Nemesis au Pandora, programu zinazotengeneza faili hizo, kufuatana na unayoitumia, hakikisha programu kingavirusi haikuifungia, na uthibitishe kwamba faili zilizotoka zimewashwa na ziko chini ya modi nyingine zote. Usichanganye mabaki ya FNIS, programu ya zamani ya kazi hiyohiyo, na Nemesis.

Mkokoteni wa Helgen unaruka

Mchezo mpya unaanza kwa safari ya mkokoteni kwenda Helgen, wafungwa wameketi, kisha mkokoteni unatetemeka, unainuka, unapinduka na farasi wake, na safari ya kwenda kukatwa kichwa haifiki. Sababu ni kwamba fizikia ya Skyrim imefungwa kwenye kasi ya picha, na hesabu zake zimewekwa kwa fremu 60 kwa sekunde. Skrini ya 144 Hz ikiachwa huru, vitu vyote vinavyotii fizikia hupagawa, vikiwemo vikombe na sahani zinazoruka mezani unapoingia nyumbani. Weka kikomo cha fremu 60, au tumia SSE Display Tweaks, ambayo hurekebisha hesabu za fizikia zifuate kasi halisi. Modi nyingi zenye skripti (maagizo yanayoendesha matukio ya mchezo) zinazoanza kazi kwa pamoja dakika za mwanzo nazo huufanya mkokoteni ukwame. Hapo modi ya Alternate Start, inayokuanzishia mchezo mahali pengine, husaidia kwa kuiondoa safari hiyo kabisa.

Mchezo unajifunga katikati

Jiulize kwanza kama unajifungia mahali palepale. Ikiwa kila ukilikaribia daraja fulani la Riften au zizi fulani nje ya Whiterun mchezo unajifunga, kosa liko katika eneo hilo, na watuhumiwa ni modi zinazoligusa tu. Ndani ya SSEEdit tafuta eneo hilo na uangalie nani ameligusa. Angalia hasa ramani ya njia za wahusika (navmesh) iliyofutwa: modi moja ikiifuta, na nyingine ikiihitaji, mchezo hujifunga papo hapo. Maumbo yaliyochukuliwa kutoka mchezo wa 2011 bila kubadilishwa nayo huangusha mchezo pale yanapotokea machoni, na Cathedral Assets Optimizer huyageuza yafae.

Ikiwa hakuna mahali maalumu, sakinisha Crash Logger, modi inayoandika ripoti za kujifunga. Kila mchezo unapojifunga, ripoti itaandikwa katika folda ya Documents, My Games, Skyrim Special Edition, SKSE. Mstari wa juu utataja aina ya kosa, mara nyingi EXCEPTION_ACCESS_VIOLATION, ukifuatiwa na jina la faili. Likiwa jina la DLL ya modi, una mtuhumiwa mkubwa. Likiwa SkyrimSE.exe, usihitimishe kwamba mchezo wenyewe ndio mbovu, kwa maana hapo ndipo kosa lilipojitokeza tu. Shuka chini hadi sehemu ya rejista (registers) na ya rundo (stack), na utafute majina ya wahusika, ya faili za umbo zenye mwisho wa .nif na ya plagini. Jina linalojirudia mara tatu katika ripoti mbili tofauti lina uzito. Orodha ndefu ya plagini zote iliyo mwishoni mwa ripoti haina uzito huo, kwa sababu hutaja kila kilichowashwa, na ni makosa kumlaumu mtengenezaji wa modi kwa kuwa tu jina la kazi yake limo.

Wakati mwingine ripoti haiandikwi kabisa, au kila ripoti inasema jambo lake. Hapo shuku kumbukumbu ya kompyuta. Skyrim yenye tekscha nzito huomba nafasi kubwa kuliko RAM inayoonekana kutumika, na Windows huikidhi kwa faili la kubadilishana lililo kwenye diski. Ukiwa umelizima au umelibana, ombi linakataliwa na mchezo unajifunga ingawa kipimo cha RAM hakijajaa. Iachie Windows ilisimamie faili hilo yenyewe, kwenye diski ya SSD yenye nafasi ya kutosha. Mwenye kompyuta mpakato ya GB 8 na kadi ndogo ya picha hana sababu ya kupakua tekscha za 4K. Kwenye skrini ya kawaida zile za 2K kwa mandhari na 1K kwa vitu vidogo zinapendeza vilevile, na upakuaji wake ni mwepesi zaidi.

Hifadhi inayoharibika polepole

Dalili yake ni tofauti na hizo zote. Mchezo uliokuwa mzuri unaanza kuchelewa: mlango unafunguka sekunde kadhaa baada ya kubonyezwa, misheni haisongi mbele, uchawi unafanya kazi adui akiwa ameshaondoka, na hatimaye hifadhi inakataa kupakia. Skripti za Skyrim huandikwa ndani ya hifadhi yenyewe, kwa hiyo modi iliyoondolewa katikati ya safari huacha skripti zake zikiendelea kuitafuta. Ushauri wa kuondoa modi, kuhifadhi, kisha kuendelea, ambao wengi huuita hifadhi safi, hausafishi chochote kwa uhakika. ReSaver, programu ya kukagua na kuhariri hifadhi, inaweza kuondoa skripti zisizo na mwenyewe, nami naiona kuwa njia ya kuokoa hifadhi moja ili umalize misheni, wala si ruhusa ya kuendelea kuchomoa modi. Modi za tekscha na maumbo hazina tatizo hili na unaweza kuziondoa wakati wowote. Zenye skripti, au zinazobadilisha maeneo, amua kabla ya kuanza mchezo mpya.

Ikiwa bado hujui

Tengeneza profaili mpya ndani ya Mod Organizer 2, ili ile ya zamani ibaki ilivyo, kisha zima nusu ya modi pamoja na viraka vinavyozitegemea. Kutoka menyu kuu fungua konsoli na uandike coc whiterun ili ufike mjini bila kupitia Helgen. Usiihifadhi safari hiyo, ni ya majaribio tu. Kosa likitoweka, liko katika nusu uliyoizima. Likibaki, liko katika nusu nyingine. Endelea kugawanya. Modi 200 humalizika kwa majaribio yapatayo manane, alimradi ubadilishe nusu moja tu kila mara na usiguse mipangilio mingine katikati.

Unapomfikishia mtengenezaji wa modi taarifa ya kosa, kumbuka kwamba wengi wao hufanya kazi hii bila malipo, baada ya saa za ajira zao. Mpe namba ya toleo la mchezo, namba ya SKSE, toleo la modi yake, ripoti kamili ya Crash Logger badala ya kipande chake, mahali ulipokuwa na ulichokuwa ukifanya, na kama kosa linajirudia ukiiwasha modi yake ikiwa peke yake pamoja na zile inazozidai. Soma kwanza maelezo yaliyobandikwa juu ya ukurasa wake, kwa kuwa kutopatana kunakojulikana huandikwa hapo. Pia weka nakala ya folda ya vifurushi ulivyokwisha kupakua kwenye diski ya nje, ili siku utakapolazimika kusakinisha upya, kazi ianze kutoka kwenye diski badala ya intaneti.